Nikipoteza Kiswahili Kama Wewe, Mama

Itigi, Jumanne, tarehe 14 Mei. Asubuhi ya baridi, upepo mkavu, mawingu mepesi yasiyo na mvua. Jua limechelewa kuonekana.

Mpendwa mama,

Nimezoea kuandika hali ya hewa katika shajara yangu kabla ya jambo lingine lolote, na leo sikuacha, ingawa mkono wa kulia bado ni mzito na herufi zangu zinalala kama majani yaliyopitiwa na ng'ombe. Mwanangu Elia ananiambia nipumzike. Hajui kwamba nisipoandika ndipo ninachoka zaidi.

Naanza na habari mbaya ili nisiizunguke. Kilichokupata wewe kimenigusa na mimi. Wiki iliyopita, asubuhi, nikiwa nachambua mchele, Kiswahili kilinitoka, nikabaki na Kinyiramba tu. Kimerudi, ndiyo maana naandika, lakini daktari amesema kinaweza kuondoka tena, na safari hiyo huenda kisirudi. Katika nyumba hii hakuna mtu mwingine anayejua Kinyiramba. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, na ndilo ninalotaka kukueleza wewe kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu wewe ulifika huko kabla yangu.

Nakukumbuka Shelui. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na malori yakaanza kupita usiku na mchana, na wewe ukaacha kuuza vitunguu kwa ungo pale kwetu Misigiri ukaanza kuvipeleka barabarani kwa magunia. Mimi nikiwa likizo nakusaidia kufunga. Nilikuwa nasoma sekondari, najua mambo mengi ya kwenye kitabu, lakini Kiswahili cha kupigania bei nilijifunza kwako.

"Mama, punguza basi, sisi si ni wateja wako?" dereva anasema.

"Nikipunguza, jioni watoto niwapikie nini? Breki za lori lako?"

Wenzake wanacheka. Kisha wewe unanigeukia mimi na kusema kwa Kinyiramba, ukiwa na uso wa mtu anayesali, kwamba tumbo la yule bwana limefika leo na mwenyewe anategemewa kesho. Mimi nashindwa kujizuia kucheka.

"Mama, umenitukana wewe!"

"Nimekuombea safari njema, baba. Toa hela."

Kiswahili kilikuwa vazi lako la kutokea. Ukifika nyumbani unalivua pamoja na viatu, na hapo ndipo maneno yako yanapoanza kutembea kwa raha. Mambo mazito yote uliniambia kwa Kinyiramba: namna ya kukaa na mume, namna ya kumtambua mtu anayekuja kukopa kabla hajafungua mdomo, jina la ndugu yangu aliyefariki kabla sijazaliwa. Sina kumbukumbu ya wewe kuniambia jambo la moyoni kwa Kiswahili. Hata kunigombeza hukuwahi kunigombeza kwa Kiswahili. Baba alikuwa akisema, "Mama yenu akianza Kiswahili ndani ya nyumba, jueni kuna mgeni mlangoni."

Halafu niliolewa na Mgogo, mtu wa reli, tukaja kukaa huku Itigi. Yeye na Kigogo chake, mimi na Kinyiramba changu, tukakutana katikati, na katikati palikuwa na Kiswahili. Watoto wakazaliwa hapo hapo katikati. Sikuona kosa, na hata leo sioni pa kulaumu. Tulielewana vizuri miaka yote tuliyoishi. Wewe ndiye uliyeshtuka siku uliyokuja kututembelea. Ulimwita Elia, akiwa na miaka minne hivi, ukamsemesha, naye akajificha nyuma ya mlango. Ukamsemesha tena. Akalia. Ukanitazama ukasema kwa Kinyiramba:

"Huyu mtoto ni wako au ni wa serikali?"

Nilipomtafsiria mume wangu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Wewe hukucheka. Ulimwangalia mjukuu wako vile unavyomwangalia mtu aliyeshuka kituo kisicho chake.

Kisha ikaja ile asubuhi uliyoangukia kwenye tuta la vitunguu. Niliitwa nikiwa Itigi, na nilipofika hospitali walikuwa wamekwisha kukulaza. Nesi alikuwa binti mdogo, mnene kidogo, mchangamfu. Aliniambia kwa upole, akiniandaa:

"Dada, bibi anaropoka tangu alipoletwa. Nadhani ubongo umeshaathirika."

Nilikaribia kitandani. Ulikuwa unaongea kwa taabu, mdomo umeenda upande, lakini ulichokuwa unasema kilikuwa wazi kabisa. Kiswahili chote cha Shelui kilikuwa kimeondoka. Nilikusemesha kwa Kiswahili nikaona unaelewa, unaitikia kwa macho, lakini kila ulichotoa kilikuwa Kinyiramba kitupu, kile cha utoto wako, cha bibi.

"Haropoki, nesi," nilimwambia. "Anasema mgonjwa wa kitanda cha jirani amemwaga uji na umeingia chini ya shuka lake. Anasema amelalia uji."

Nesi akafunua shuka. Uji ulikuwapo. Akashika mdomo.

"Jamani, bibi, nisamehe. Mimi kwetu Newala, Kimakonde ndicho ninachokijua. Hiki sielewi hata neno."

Tangu siku hiyo aliniita Mkalimani. Akiona midomo yako inacheza anapaza sauti mpaka nje nilikokuwa nikifua: "Mkalimani! Njoo haraka, bibi anahutubia!" Nami nakuja huku mikono inachuruzika povu. Unataka mto uondolewe. Unataka kujua kama vitunguu vimevunwa. Unataka yule mwanaume wa wodi ya pili aache kukohoa kwa makusudi. Siku moja ulimtazama yule nesi ukaniambia nimwambie kwamba mikono yake ina joto zuri, asiiondoe haraka anapokupima. Nilipomwambia, alikaa kitandani kwako akakushika mpaka daktari alipomwita.

Ulifariki pale pale, mama, lakini uliondoka ukiwa unaeleweka. Zamani niliona ni jambo dogo. Nililia kama mtoto mwingine yeyote anavyomlilia mama yake, nikarudi Itigi, nikaendelea na maisha, na sikuwahi kufikiria kwamba ulipata bahati.

Sasa nikueleze ya kwangu.

Nilikuwa nimekaa mkekani uani. Neema, mke wa Elia, alikuwa jikoni. Ni binti wa Kilimatinde, Mgogo, mtu mwenye heshima na mkono mwepesi wa kazi; sijawahi kujutia siku alipoingia nyumbani kwangu. Ungo uliniponyoka. Niliona mchele unamwagika nikashangaa kwa nini siudaki. Nikataka kusema, Neema, njoo unishike. Nikasema. Masikioni mwangu nilisema vizuri kabisa. Neema akachungulia huku anatabasamu.

"Mama, leo unanisemesha kikwenu?"

Ndipo akauona mdomo wangu.

Alinikimbilia, akanishika kwapani, akanivuta mpaka sebuleni na kunilaza chali, mto chini ya kichwa. Alifanya kwa upendo wote. Lakini mate yalikuwa yanajaa kooni na ulimi haukuweza kuyasukuma. Nikamwambia: nigeuze ubavu, mate yananikaba. Nikasema tena. Na tena. Nilikuwa nasikia kila neno la Kiswahili linalosemwa mle ndani, naelewa kila kitu, lakini nikifungua mdomo kinatoka Kinyiramba. Ilikuwa kama kuona watu kupitia dirishani, unagonga kioo na wao wanadhani unawapungia mkono.

Kelele zilimleta Mama Upendo, jirani yetu. Unamjua mtu wa aina hiyo ingawa huyu hukumkuta: mwema, mwenye sauti, anayesali kanisa la uamsho lile lenye vipaza sauti. Alisimama mlangoni, akasikiliza, akainua mikono.

"Amepokea! Neema, usimguse! Mama ananena kwa lugha!"

"Mama Upendo, mtu anaumwa huyu. Angalia mdomo."

"Mdomo ndio unaoguswa kwanza!"

Akapiga magoti, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, akaanza kuomba. Mimi ni Mlutheri wa zamani, mama, wa kusimama na kukaa kwa utaratibu. Sijawahi kunena kwa lugha yoyote isipokuwa yako. Na lugha yako ndiyo iliyokuwa ikisema, nigeuzeni, nakufa, na juu yangu mwanamke analia kwa furaha.

Neema hakuridhika. Akachukua simu.

"Ngoja. Simu siku hizi inajua lugha. Mama, sema tena, taratibu."

Akaisogeza mdomoni kwangu kama anayeninywesha uji. Nikakusanya nguvu zote zilizobaki nikasema kwa utulivu, neno moja moja, kama unavyomsemesha kiziwi: nigeuzeni ubavu. Simu ikafikiri. Ikaandika kwamba lugha hiyo ni ya huko kusini kabisa mwa Afrika, ambako sijawahi kutia mguu. Chini yake ikatoa Kiswahili safi, chenye nukta mwishoni. Neema akakisoma kwa sauti.

"'Mfalme atatoka nje, na maji yake ni mengi.'"

"Mnasikia!" Mama Upendo akaruka. "Mnasikia jamani! Hata simu imethibitisha!"

Neema hakusikia mfalme. Alisikia maji.

"Anataka maji," akasema, akakimbia jikoni.

Nimeogopa mara nyingi katika maisha yangu. Niliogopa kuzaa Elia. Niliogopa walipokuja watu wawili kutoka stesheni wakiwa wamevua kofia kuniambia habari za mume wangu. Lakini sijawahi kuogopa kitu kama nilivyokiogopa kikombe kile, cha plastiki, cha bluu, kinachokuja kwangu mikononi mwa mtu anayenipenda. Mate yangu mwenyewe yalikuwa yananishinda. Nikafumba meno. Maji yakamwagikia shingoni. Neema alikuwa analia sasa.

"Mama, kunywa. Kunywa mama, si umeomba mwenyewe?"

Kiasi kiliingia. Sikumbuki vizuri kilichofuata, isipokuwa dari, na sauti ya Mama Upendo ikipanda. Kisha Elia akaingia. Neema alikuwa amempigia mwanzoni kabisa. Hakuuliza chochote. Aliniinua kwa ubavu kama gunia ili anitie kwenye bajaji, na pale pale maji na mate vikatoka, hewa ikaingia. Wote wanasema aliniokoa, nami nasema hivyo hivyo. Wewe tu nakwambia kwamba hakuelewa nilichokuwa nasema. Alinigeuza kwa sababu mlango ni mwembamba.

Mchana Kiswahili kilirudi, kwanza vipande, halafu chote. Daktari akasema ni kiharusi kidogo, cha kupita, lakini nikichukulie kama onyo. Akanipa dawa za presha, akanikataza chumvi. Nikamuuliza kama kikija kikubwa nitapoteza Kiswahili moja kwa moja. Akasema kila mtu na yake. Wapo wanaobaki na lugha ya mwisho, wapo wanaobaki na ya kwanza, wapo wasiobaki na yoyote. Akauliza yangu ya kwanza ni ipi. Nikamwambia. Akasema, "Basi familia ijiandae," akaita mgonjwa mwingine.

Familia ikajiandaa, mama. Elia aliketi nami jioni na simu yake. Sina ugomvi na simu. Karatasi iliyokuja ndani ya dawa zangu ilikuwa kwa Kiingereza, maandishi madogo kama mayai ya chawa, naye akaielekezea simu na yote yakageuka Kiswahili, tukajua dawa ipi haipatani na ipi. Enzi zako hata Kiswahili kilikuwa kinasimama nje mbele ya karatasi kama hizo. Walipofungua nchi kwa biashara, dawa na mbegu na viuatilifu viliingia na lugha ya vilikotoka, na nakumbuka ulivyokuwa unanipa chupa ya dawa ya vitunguu nikusomee, mimi na Kiingereza changu cha kidato cha pili, natoka jasho. Leo Kiswahili kimeruhusiwa kuingia ndani, na nimefurahi. Lakini kimeingia peke yake. Hakikugeuka nyuma kuona kama kuna wengine wanaokifuata.

"Mama, sema kitu kwa Kinyiramba," Elia akasema. "Tujaribu kwa utulivu, siku ile kulikuwa na kelele."

Nikasema: jana nilikula mlenda. Simu ikaandika kwamba watoto wa mji ule wamebarikiwa. Nikasema maneno yale yale mara ya pili. Ikaandika kwamba ng'ombe wanane wameuzwa. Mara ya tatu ikaandika habari za mkutano wa mawaziri. Elia alicheka, nami nikacheka. Ilikosea mara zote tatu bila kusita, na sentensi zake zimenyooka kuliko zangu. Yule nesi wa Newala alisema, sielewi hata neno. Kwa sababu alisema vile, alimtafuta anayeelewa. Simu hii sijaisikia ikisema haielewi. Anayeishika anaamini kwamba nimeshasikilizwa, basi haendi kumtafuta mtu.

"Kwa nini haikijui?" nikamuuliza.

"Inajifunza kwenye maandishi, mama. Lugha isiyo na maandishi mengi haina pa kuikuta."

"Kwa hiyo bibi yako, maisha yake yote, hakusema kitu?"

Elia akaizima simu. Ni mtoto mzuri, nisimwonee. Ila kweli yenyewe ndiyo hiyo. Ukiacha vitabu vya kanisani, lugha yako haikuwahi kuwekwa kwenye karatasi na mtu niliyemfahamu. Mimi mwenyewe nimeandika shajara tangu nilipokuwa shuleni na sijawahi kuandika ukurasa mmoja kwa Kinyiramba. Hata barua hii nakuandikia kwa lugha iliyokutoroka hospitalini. Sikufundishwa kuandika nyingine.

"Wataongeza," Elia akasema. "Kila mwaka wanaongeza lugha. Kinyiramba nacho kitafika."

"Na kiharusi kitasubiri waongeze?"

Neema naye amefanya la kwake, na hilo limeniumiza zaidi kwa sababu ni zuri. Aliniomba nimfundishe maneno ya kumsaidia. Nikamfundisha: nigeuze, sitaki maji, panauma hapa, nasikia baridi. Anayarudia anapoosha vyombo, kwa mdundo wa Kigogo, na mtoto wake mkubwa anamcheka. "Mama anaimba nini?" Jana alinijaribia yote bila kukosea, akasimama akisubiri sifa kama mwanafunzi. Nilimsifu. Lakini nilikuwa nakuwaza wewe. Nani angeweza kumfundisha mtu mapema jinsi ya kusema kwamba jirani amemwaga uji? Nani angejua kwamba utataka kumsifia nesi joto la mikono? Mgonjwa hasemi yale aliyopangiwa kusema. Nikimfundisha Neema maneno mia, mimi nitahitaji la mia na moja, na yeye atanijibu kwa yale mia, kwa upendo, na kikombe mkononi.

Nikampigia simu Msengi, mdogo wangu, pale nyumbani Misigiri. Nilimsemesha Kinyiramba tangu salamu, naye akanijibu kwa hicho hicho.

"Njoo, dada," akasema. "Chumba kipo. Ila nikwambie ukweli usije ukalaumu. Wajukuu wangu nikiwasemesha wananijibu Kiswahili. Tunaoongea tumebaki mimi, mke wangu na majirani wa rika letu."

"Na wewe ukitangulia?"

"Aka! Unataka chumba au unataka kunizika?"

Tukacheka sana. Baada ya kukata simu nikabaki nahesabu umri wake na wa mkewe, na sikupenda nilikofika.

Hivi ndivyo mambo yalivyokaa, mama, na unajua mimi sipendi jambo bila kulipanga. Hapa Itigi hospitali iko karibu, mwanangu yuko karibu, bajaji iko mlangoni. Nikianguka nitafika kwa daktari upesi, na nikifika sitakuwa na wa kunisemea. Kule Misigiri nikianguka usiku, mpaka gari lipatikane na mpaka lifike hospitali, huenda kila kitu kimekwisha. Lakini mpaka hapo nitakuwa nasikika. Nimekaa na mizani hiyo siku zote hizi. Kila ninapodhani nimeamua, hofu inahamia upande wa pili.

Leo mchana nilimwambia Neema kwamba ninakwenda. Alikuwa anakunja nguo. Akaacha.

"Umenichukia, mama. Ni kwa ajili ya kile kikombe."

"Sijakuchukia. Ulinipa ulichoambiwa nimeomba."

"Basi usiende. Huko presha ikipanda, daktari yuko wapi?"

"Mbali."

"Sasa? Si ubaki hapa karibu naye?"

"Nikiwa karibu naye, Neema, nitamwambia nini?"

Akakaa kitandani. Nikamwona mdogo sana. Sikukusudia kumtisha, lakini neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Na wewe, siku ukirudi kwenye Kigogo, nani atakusikia humu ndani?"

"Mimi bado kijana, mama!" akasema, akacheka. Kicheko hakikufika mbali. Niliona macho yake yanakwenda sebuleni, kwa watoto wake wawili waliokuwa wanabishana kwa Kiswahili juu ya nani achukue rimoti. Akarudi kwenye nguo, akazikunja vibaya, akazikunjua. Baadaye nilimsikia uani akiongea na mama yake aliye Kilimatinde. Kwa kawaida wanasalimiana, wanapeana habari, basi. Leo waliongea mpaka chai ikapoa, kwa Kigogo chote, na kila mara alikuwa anauliza kitu, ananyamaza, anarudia neno.

Keshokutwa Elia atanipeleka mpaka Singida, na kutoka pale Msengi atanichukua. Naogopa safari. Naogopa kuzimika huko kwa kukosa dawa ambayo huku ingekuwa hatua chache. Naogopa kwamba Msengi na mkewe wataondoka kabla yangu, nami nitabaki katika nyumba niliyozaliwa nikiwasemesha watoto wanaojificha nyuma ya mlango. Naogopa pia, na hili sikumwambia mtu, kwamba nikifika nitakuta Kinyiramba changu ni cha miaka ya zamani na watu watanitazama kama redio ya mbao. Sina uhakika na lolote. Ningekuwa na wewe ungeniambia cha kufanya, na mimi ningebisha, halafu ningefanya.

Huenda nimechagua vibaya. Lakini nikigundua kwamba nimekosea, mama, kule nitaweza kusema kwamba nimekosea, na atakuwepo mtu wa kugeuka na kuniuliza, umekosea nini.

Lala pema. Nikifika nitasafisha kaburi lako, na nitakayokuambia pale sitayaandika.

Binti yako wa pili.

Usingizi ulinipata saa nane na nusu usiku. Mstari huu nimeuongeza asubuhi.